Katoni ya betri nyuma ya mlango

Mwaka jana, mpwa wangu wa gredi ya nne alirudi nyumbani na agizo la mwalimu: kila mtoto alete betri kuukuu, zikusanywe darasani, mazingira yasichafuke. Kwa wiki mbili nyumba haikukalika. Alifungua rimoti, akapita kwa majirani na mfuko, akachomoa hata betri ya saa ya ukutani ya nyanyake, saa yenyewe ikiwa bado inatembea. Nyingine zilikuwa zimevuja, zina unga mweupe kama chumvi. Katoni ya sabuni ikajaa pomoni, ikawekwa nyuma ya mlango. Shule zilipofungwa, mfanyakazi wa usafi aliambiwa asafishe madarasa. Katoni ikaishia kwenye shimo la taka nyuma ya jikoni, na shimo hilo huchomwa kila Ijumaa.

Simlaumu. Angeipeleka wapi?

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza mabishano kuhusu somo hili. Wako walimu na wazazi wanaotaka watoto wafundishwe habari za betri na uchafuzi tangu chekechea. Wako wengine wanaosema kumfundisha mtoto kukusanya kitu kisicho na pa kwenda ni kumtwika kazi ya watu wazima. Hawa wa pili huambiwa ni wavivu, hawajali mazingira. Mimi naona hawajasikilizwa.

Lakini hoja ya kwanza si ya kupuuza. Nyumbani kwetu mtoto ndiye anayebadilisha betri. Ndiye anayejua upande wa kujumlisha unakaa wapi. Utafiti mmoja kuhusu taa za vijijini Afrika, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba tochi na taa za betri zimeifukuza koroboi bila mfadhili wala serikali kushika mkono, na betri zikiisha hutupwa chooni au porini. Hapa Pwani tunajenga juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu, choo cha shimo na kisima vikitazamana. Tena tusijilinganishe na Marekani, ambako mamlaka ya mazingira huruhusu betri za kawaida za alkali ziende na taka za nyumbani katika majimbo mengi. Dampo lao limetandikwa chini na kufunikwa juu. Kwenye madampo yetu, Mwakirunge ya Mombasa na Dandora ya Nairobi, moshi unauona kabla hujafika.

Kwa hiyo ndiyo, betri isitupwe ovyo. Ila tazama tabia za namna hii zilibadilika vipi mahali pengine. Mifuko ya plastiki haikutoweka Kenya kwa sababu watoto waliimbishwa nyimbo. Ilitoweka kuanzia tarehe 28 Agosti 2017 kwa sababu ya marufuku yenye faini ya hadi shilingi milioni 4. Ulaya, kisanduku cha betri mlangoni mwa duka kilienezwa na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2006 lililowabana watengenezaji na wauzaji wazipokee, kisha nchi wanachama zikawekewa lengo la kukusanya asilimia 45 kufikia mwaka 2016. Mtoto wa Ujerumani anafundishwa kutia betri kisandukuni kwa kuwa kisanduku kipo. Sisi tuna sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inayomtaja mzalishaji kuwa na wajibu, lakini mzalishaji mwenyewe ni nani? Kiwanda cha betri cha Nakuru, kilichofunguliwa mwaka 1967, kilifungwa mwaka 2014 kikilalamikia betri za bei rahisi kutoka nje. Siku hizi betri inashuka bandarini ndani ya kontena, na aliyeileta hatumjui kwa sura. Anayejulikana kwa jina na namba ya daftari ni mwanafunzi.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Bango la darasani kwa mpwa wangu lilikuwa na picha ya betri ya tochi na fuvu la kichwa. Betri ya tochi! Sisi enzi zetu tulitumwa tulete hizo hizo tuupake ubao wa darasani weusi. Tulizipasua kwa jiwe, tukaukoroga ule unga mweusi na majani yaliyopondwa, tukaupaka kwa kitambaa, mikono ikabaki myeusi hadi jioni. Sisemi tulifanya vizuri. Zamani betri nyingi zilikuwa na zebaki. Lakini watengenezaji wakubwa waliiondoa katika miaka ya 1990, na betri hiyo leo ni zinki, manganizi na kaboni. Si chakula, na moshi wake si wa kuvutwa, ila haistahili fuvu peke yake huku betri mbili zinazodhuru watoto kweli zikikosa hata mstari mmoja.

Ya kwanza ni betri ya madini ya risasi, ile ya gari ambayo majumbani huwasha televisheni na taa za sola. Mtaa wa Owino Uhuru uko hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri hizo kiliendeshwa pale kati ya mwaka 2007 na 2014. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo, alimpeleka mwanawe hospitali akakutwa na risasi mwilini. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kesi ikazungushwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Mtoto anayekaa jirani na fundi anayemimina asidi ya betri uani anahitaji kuijua habari hii kuliko bango la fuvu.

Ya pili ni ile bapa kama sarafu, ya mizani, rimoti ndogo na midoli inayoimba. Mtoto mdogo akimeza ile ya upana wa milimita 20 ikakwama kooni, mate yanakamilisha njia ya umeme na koo linaanza kuungua. Saa mbili zinatosha kuleta madhara makubwa, hata kama betri ilionekana imekwisha. Ni kukimbilia hospitali kwa picha ya eksirei, bila kumtapisha. Kama amepita mwaka mmoja na asali iko karibu, wataalamu wa sumu Marekani hushauri vijiko viwili vya chai kila dakika kumi mkiwa njiani, usichelewe kwa kuitafuta.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo somo la betri lingeanzia kama ningeulizwa. Betri moja nzuri ya alkali, ile ndogo ya rimoti iliyoandikwa AA, inaweza kuwasha balbu ya wati 3 kwa saa moja hivi, basi. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Ili upate uniti hiyo kutoka kwenye betri unahitaji betri kama 333. Chukulia kila moja shilingi 30: ni shilingi 9,990. Uniti ya tokeni nayo ni kama shilingi 30. Yaani bei ya betri moja! Na zile za bei rahisi hubeba chini ya nusu ya hapo. Anayezinunua sana ni nani? Yule asiye na stima, anayelipa mamia ya mara zaidi kwa mwanga ule ule, kisha tunamtuma mwanawe azibebe zikiwa zimekufa. Hili ni somo la hisabati la gredi ya nne, na linamalizikia dukani, pesa zikiwa bado mkononi: betri ya kuchaji inayorudiwa mara mamia, au taa ndogo ya sola. Nayo ina betri ndani itakayokufa siku moja, sikatai, lakini si kila wiki mbili.

Nilimpa mpwa wangu hesabu hiyo akaifanya nyuma ya daftari, mara mbili, hakuamini. Akaenda kumwonyesha nyanyake na kumshauri kuhusu tochi. Nyanyake alikubali taa ya sola.

"Lakini saa yangu," alisema, "inakula betri moja mwaka mzima. Usiiguse tena."