Nani amesema tunapenda televisheni ya simu?

Ijumaa jioni nimesimama kwenye foleni ya matatu jijini Nairobi, manyunyu yanaanza, mara dada mmoja mwenye kishikwambi mkononi ananisogelea. Utafiti, maswali matano tu, hutachelewa. Swali la tatu likawa hili: "Unapendelea kutazama televisheni kwa simu ama kwa runinga ya nyumbani?" Nikasema simu. Akabonyeza, akanishukuru, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu. Naye akasema simu. Na wa nyuma yake vilevile.

Tulipofika Pangani ndipo nikagundua nimemdanganya yule dada. Wallahi sikukusudia. Ni lile neno "unapendelea" lililoniponza.

Ukinikuta kila jioni nimesimama kando ya barabara natafuna hindi la kuchoma, usiende kuandika kwamba napendelea mahindi kuliko ugali wa mezani. Niulize kwanza hapo mezani nafika saa ngapi. Habari za Kiswahili ni saa moja. Mimi natoka Industrial Area saa kumi na moja na nusu, na saa moja ikigonga bado niko Barabara ya Thika, goti langu liko mgongoni mwa abiria wa mbele, na dereva amezima injini kuokoa mafuta. Za Kiingereza ni saa tatu, nami ndio kwanza navua viatu. Runinga ninayo, ya inchi 32, niliyoilipia polepole hadi muuzaji akawa ananisalimia kwa jina la ukoo. Inanisubiri ukutani kama mke wa baharia. Foleni ndiyo iliyoninyang'anya saa zangu za televisheni, halafu mtu anakuja na kishikwambi kuniambia nimejichagulia.

Lakini kinachonichemsha zaidi ni pesa.

Wa umri wangu mnazikumbuka zile simu za Kichina za maduka ya barabara ya Luthuli: laini mbili, spika ya kuamsha mtaa mzima, na antena unayoivuta ubavuni kama ya redio. Yangu niliinunua 2010, mwaka wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Picha ilijaa chenga. Ukipita chini ya daraja, mchezaji anakuwa wawili, kisha anakuwa hakuna. Jirani yangu kwenye kiti ndiye aliyekuwa fundi wa antena: inua, lala nayo kushoto, hapo hapo, aah, umepitisha! Lakini ilikuwa bure. Mlingoti unarusha, wewe unadaka. Mkidaka wawili au milioni mbili, mlingoti haujali, na hakuna aliyekuuliza umebakisha MB ngapi. Mwaka 2012 simu feki zikazimwa, yangu ikaenda na maji. Zilizosalimika nazo zikakosa la kudaka 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa. Ya shemeji yangu ilibaki na kazi moja tu, kumkuna mgongo kwa ile antena.

Leo nina simu yenye akili kuliko mimi, na haidaki hata kituo kimoja cha hewani. Taarifa ileile ambayo mama mboga wa pale kwetu anaipata bure kwa king'amuzi chake, mimi naletewa vipandevipande kwa data niliyoinunua asubuhi na kuibania mchana kutwa. Tukiwa kumi ndani ya matatu tunatazama mtangazaji mmoja akisoma habari moja, basi habari hiyo imetumwa mara kumi na kulipiwa mara kumi. Haya ndiyo wanayoyaita maendeleo. Hapo zamani jirani akinunua runinga, watoto wa ploti nzima tulivua viatu mlangoni tukaketi sakafuni, na hesabu yake haikupanda hata senti.

Na bado inachelewa! Jumapili moja stima ilipotea upande wetu tu wa barabara, nikatoa simu nimalizie kipindi cha pili cha mpira. Kipa wetu ameuweka mpira chini, anarudi nyuma hatua tatu apige. Ng'ambo ya barabara, kwenye baa yenye stima, watu wakalipuka: gooooli! Nikatazama simu. Kipa bado anarudi nyuma. Nikakaa pale gizani karibu nusu dakika nikijua tunafungwa ama tunafunga, sijui lipi, huku kipa akijifuta jasho bila habari. Tulifungwa.

Sawa, nisiwe mkaidi. Mnamo 30 Januari 2018, siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipoapishwa Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi", serikali ilizima vituo vitatu vikubwa, tukabaki kutazama kioo cheusi sebuleni. Tulioona chochote siku hiyo tulikionea kwenye simu, kwa matangazo ya mtandaoni. Hilo nawapa. Mlingoti mmoja ni rahisi kuzimwa na mtu mmoja. Lakini kabla hujashangilia, kumbuka pia 25 Juni 2024, vijana wako barabarani wakiandamana, nao mtandao ukayumba nchini kote siku hiyohiyo. Kwa hiyo nani ana uhakika na nini?

Namuelewa pia bawabu wa usiku, na yule dada wa duka la M-Pesa anayemaliza tamthilia yake kati ya mteja na mteja. Hao simu imewafaa kweli. Ila wewe unayefungulia video ndani ya gari bila vile vya kuchomeka masikioni, kwako sina neno la heri.

Jana tena, saa moja kamili, Pangani. Nikafungua habari, sauti nikaishusha kabisa, nasoma maandishi yanayopita chini ya picha. Mama wa kiti cha pembeni, kikapu mapajani, akaanza kuinamisha shingo kidogo kidogo. Nikajifanya sioni. Alipokaribia kuniegemea begani, nikaigeuza simu upande wake.

"Huyo amesema unga utapanda?" akauliza.

"Sijasikia, mama. Nimezima sauti."

"Sasa unatazama nini? Hebu weka sauti, mwanangu, tusikie."

Nikaangalia nyuma. Watu wawili walikuwa tayari wamesogeza vichwa. Nikaweka sauti.