Siku Hizi Unafanya Wapi?

Nairobi hawakuulizi unafanya nini. Wanauliza, "Siku hizi unafanya wapi?" Jibu linalotakiwa ni jengo: benki fulani, wizara fulani, ghorofa fulani kule Upper Hill. Ukishalitaja, aliyekuuliza ameshajua akukalishe wapi harusini na akuandikie kiasi gani kwenye mchango.

Miaka tisa nilikuwa na jengo langu. Nilikuwa ofisa wa mikopo katika benki moja katikati ya jiji, na cheo nilikitaja kabla ya jina la baba. Kisha nikahamia Leeds, Uingereza, ambako nahudumia wazee majumbani mwao: nawaogesha, nawapa dawa, nawapikia uji. Waingereza nao huuliza kazi, msidanganywe. Ila nikishajibu, mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Mwaka wa kwanza nilikuwa naongezea haraka, "Lakini kwetu nilikuwa benki," kama abiria anayeng'ang'ania tiketi ya basi lililokwisha ondoka.

Aliyenizindua ni mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu. Barua za hospitali zilikuwa zikimfikia, naye anazipanga mezani bila kuzifungua. Tukazoea kuzisoma pamoja, mstari kwa mstari. Siku moja akaniambia kuwa vyombo naosha kwa sababu nalipwa, lakini barua nasoma kama mtu aliye kwake.

Nilirudi nyumbani nikiwaza hilo. Mikopo yenyewe sikuwahi kuipenda. Nilichopenda ni wale akina mama wa mitumba kutoka Gikomba, walivyoinama juu ya kaunta nikiwachorea kwa kalamu kwamba asilimia 12 si lazima iwe sawa na asilimia 12. Kopa shilingi 100,000 kwa miaka 3. Riba ikipigwa kila mwaka kwenye mkopo wote kana kwamba hujalipa kitu, ni 36,000. Ikipigwa kwenye salio linalopungua kila mwezi, haifiki 20,000. Hapo mama anashika mdomo, anaomba kalamu apige hesabu mwenyewe. Nilikuwa nikiingojea dakika hiyo tangu asubuhi. Mimi ni mtu asiyevumilia kuona mwenzake akitia sahihi asichokielewa, na hilo nilipanda nalo ndege ingawa cheo kilibaki.

Silidharau swali letu. Katika mji ambapo bili ya hospitali inachangwa kwenye kundi la WhatsApp, kujua nani ana mshahara ni hesabu, si umbea. Na sisi wa majuu tuna tabia mbaya ya kuhubiri habari za moyo tukiwa na pauni mfukoni. Lakini mfikirie kijana aliyezungusha bahasha miaka mitatu. Ukimuuliza anafanya wapi, anaangalia chini: "Niko tu." Huyo huyo ndiye anayetengeneza simu za ploti nzima na kuwafundisha watoto wa jirani hesabu jioni. Tungemuuliza ni nini kinachomkosesha usingizi, angetuweka hadi usiku.

Desemba nilikuwa Nairobi, mtaa wa Buruburu, kwenye kikao cha chama cha kuchangiana cha shangazi yangu. Wageni tukaombwa tujitambulishe. Aliyenitangulia alitaja wizara, akapigiwa makofi. Nikasimama nikataja jina langu na la baba, nikasema napenda kuwasomea watu karatasi kabla hawajatia sahihi. Kimya. Kisha mwenyekiti, kwa upole kabisa: "Asante mwanangu, lakini unafanya wapi?" Wakaangua kicheko, nami nikacheka. Shangazi akaniokoa: "Huyu yuko UK." Makofi.

Baadaye nikiwa jikoni napanga vikombe, mama mmoja akaingia akafunga mlango. Akatoa kwenye mkoba fomu iliyokunjwa mara nne. Shemeji yake anataka amdhamini mkopo wa sacco, na fomu inatakiwa Jumatatu. Tukaiweka juu ya friji, nikamwonyesha pale panaposema kwamba shemeji asipolipa, akiba yake mama ndiyo itakayokatwa. Akauliza kama ni yote. Nikamwambia ni hadi kiasi alichokubali kudhamini, na kile kisanduku cha kiasi bado kilikuwa kitupu.

Akakunja fomu, akaniuliza kama nitakuwepo hadi Jumapili.