Bibi akisema "ndoo", mhariri afanyeje?

Mwandishi wa pwani akimrudia mhariri na kulalama kwamba mswada wake umeharibiwa, wengi humwona mkaidi asiyekubali kukosolewa. Naomba asikilizwe kwanza.

Mswada mmoja wa riwaya ya Mombasa ulipita mikononi mwangu ukiwa umeshahaririwa. Mwandishi alikuwa ameandika bibi akimwita mjukuu: "Ndoo hapa nikutazame mato yako." Mhariri, mwalimu hodari wa Kiswahili, alikata kwa wino mwekundu: "Njoo hapa nikutazame macho yako." Sarufi imenyooka, lakini bibi wa Mvita, yaani Mombasa, hayupo tena, aliyebaki anazungumza kama msoma taarifa ya habari. Kurasa zote zilipigwa pasi namna hiyo, na kazi ikalipiwa.

Hofu ya waandishi wa pwani kwa mhariri ina mizizi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu 1930 Kamati ya Lugha ikawa inapitia vitabu vya shule na kuvipa idhini. Wenye Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu, waliokuwa na tenzi zilizoandikwa tangu karne ya 18, wakajikuta lugha ya mama zao inasahihishwa. Wajukuu wao wakikiona kile kiwino chekundu, moyo unawaruka.

Wahariri nao wana hoja. Soko kubwa la vitabu ni shule, na msomaji wa Tabora hana wa kumuuliza "mato" ni nini. Tena mwandishi huyazoea makosa yake hata asiyaone: anamzika mhusika sura ya 3, sura ya 9 huyo anakunywa chai.

Ndiyo maana mhariri ni wa lazima, ila wewe mwandishi, kabla ya kutoa malipo ya awali mpe kurasa kumi, zile zenye mazungumzo mengi, kisha usome pembeni mwa kurasa. Akifuta bila kuuliza, mshukuru muachane. Akiandika "Bibi huyu ni wa wapi? Mbona ukurasa wa 40 anasema njoo?", huyo hata akitaja bei kali, jikaze umlipe. Na andikianeni mapema: anagusa lugha tu au na muundo, na neno la mwisho ni la nani.

Yule mwandishi hakubakiza nakala yake ya kwanza. Sasa humpigia mamake simu jioni, anamsomea sentensi moja moja, na kumuuliza bibi angeisema vipi.