Msimu wa Korosho Ukiisha, Bado Wewe ni wa Kanisa

Huku Masasi, ukitaka kujua mnada wa korosho umekwendaje, tazama mabenchi ya kanisa. Kuanzia Oktoba watu wanajaa, vitenge vipya, majina yanasomwa mbele: fulani katoa kiasi fulani, makofi. Ikifika Februari pesa imekwisha, chakula cha mwaka mpya bado kiko shambani, na baadhi ya wale wale hawaonekani. Ukiwauliza, wana mafua, au pikipiki imeharibika. Kaa nao barazani kidogo, ndipo utakaposikia lenyewe: "Nitaendaje mikono mitupu?"

Mimi naona hapo imani ndiyo inayougua, mfuko umesingiziwa tu. Mtu amefika mahali pa kuamini kwamba nyumbani mwa Mungu yeye ni mpangaji, kodi ikichelewa vyombo vinatolewa nje.

Na tunaugulia Masasi, mahali pa ajabu kwa ugonjwa wa namna hiyo! Misheni ya hapa ilianza 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alipotoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi na kupanda bara hadi chini ya miamba hii. Watu wa aina yao walikuwa wakiteremshwa pwani kwa minyororo, wengi kwa njia ya Kilwa, na kufika sokoni wakakaguliwa miili kabla ya bei kutajwa. Hawakuja na mavuno wala ukoo wa kuwasimamia. Mwaka 1882 Wangoni wakaivamia misheni, na baadhi yao wakatekwa upya. Lakini ukiuliza Ukristo wa Masasi uliota kwa nani, jibu ni hao waliowahi kuuzwa. Leo sisi, ambao hakuna aliyetunadi, tunajinadi wenyewe kila msimu.

Wapo watakaosema huo ni unyenyekevu, kwamba Mkristo lazima ajione hafai. Sawa, sistahili, hilo tunaliungama. Ila msomeni tena yule mwana mpotevu wa Luka 15. Njiani alijiandalia hotuba: amekosa, hastahili kuitwa mwana, na afanywe kama mmoja wa watumishi. Alipofika akasema sehemu mbili za mwanzo. Ile ya utumishi hakuifikia. Baba yake alishaagiza vazi, pete na viatu. Wengi wetu tumeshavishwa pete na bado tunang'ang'ania kumalizia hotuba, eti tupewe kazi tulipie chakula. Kumkatalia baba zawadi yake mbele ya wageni, kwa desturi zetu za kusini, huo ni utovu wa adabu.

Paulo alipomrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni alimwita "zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa", kisha akasema kama kuna deni aandikiwe yeye Paulo. Deni halikufutwa kwa kusahauliwa. Lilihamia daftari la mtu mwingine. Sijui tulitaka ufafanuzi gani zaidi ya huo.

Wazee wetu jambo hili walilielewa kwa njia yao. Kijana akishatoka jandoni, nani anamwuliza kila mwaka kama bado ni wa mji ule? Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, aliona uzito wa jando, akalipa sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Ubatizo nao ungestahili heshima hiyo: umeingia, umeingia.

Najua mhasibu wa kanisa atauliza, bati na mshahara wa katekista vitatoka wapi tukiacha kusoma majina? Swali la haki, na mimi sipingi sadaka hata kidogo. Napinga kipaza sauti. Bahasha yenye namba inatosha: mweka hazina ajue, ibada nzima isijue. Na Februari, wazee wa kanisa wanaopita nyumba kwa nyumba kukumbushia ahadi waende na safari moja isiyo na daftari, kumwuliza tu mama fulani mbona haonekani, watoto wamekula nini. Naamini Jumapili inayofuata atakuja, na kapu likipita mbele yake atalipitisha kwa jirani bila kuinamisha kichwa.