Kesi ya nyani, hakimu ngedere

Mtu akiniandikia kwamba antivairasi yake haifunguki tena, mara nyingi huwa ameshajiamulia dawa, kilichobaki ni kuchagua jina: "Niweke ipi nyingine?" Namwambia asiweke yoyote kwanza. Najua jibu hilo halipendezi, hasa kwa mtu anayedhani kuna kirusi kinatembea ndani ya mashine yake wakati tunaongea.

Antivairasi iliyogoma ama imeharibika, ama imeharibiwa. Ukitazama kwa nje huoni tofauti. Alama nyekundu ni ile ile, ukaguzi unakwama pale pale, apdeti haishuki. Lakini tiba zake hazifanani hata kidogo, na anayerundika programu ya pili juu ya ya kwanza hajui bado anatibu nini. Tena anajiongezea ugonjwa. Kila antivairasi inayolinda muda wote hujiweka kwenye mlango wa mafaili: faili likifunguliwa, inalikamata kwanza na kulikagua. Zikiwa mbili, hii inakamata, ile inaona kuna jambo nayo inakamata, na kompyuta inaanza kukokota miguu. Imewahi pia kutokea moja ikaona sampuli za virusi zilizohifadhiwa na mwenzake, ikapiga kelele kwamba imepata virusi.

Nikitazama kompyuta ninazoletewa, nyingi zinazosemwa zina kirusi hazina kirusi chochote. Tatizo kubwa ni mabaki. Kompyuta ilikuja na antivairasi ya majaribio, muda wake ukaisha, mwenyewe akaifuta nusu nusu. Microsoft Defender, iliyomo ndani ya Windows, hukaa pembeni yenyewe pale antivairasi nyingine inapojiandikisha kuwa mlinzi. Ikiwa ile nyingine imeondoka bila kujifuta kwenye daftari la Windows, Windows inaendelea kuamini kuna mlinzi getini. Getini hakuna mtu. Kampuni nyingi za antivairasi zina kiprogramu chao maalumu cha kufuta mabaki yao. Kitumie hicho, zima na uwashe kompyuta, na mara nyingi Defender inarudi kazini bila kusukumwa.

Angalia na saa. Betri ndogo ya kwenye ubao mkuu ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana batili, na apdeti zinakataliwa. Mtu anahangaika siku nzima kutafuta kirusi, kumbe tatizo ni betri. Na zile arifa zinazoruka kwenye kona ya skrini zikisema kompyuta yako ina virusi kadhaa, bonyeza hapa: tazama imeandikwa imetoka wapi. Ikiwa imetoka kwenye kivinjari, hiyo ni tovuti uliyoiruhusu ikutumie arifa. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, futa ruhusa, mambo yamekwisha.

Sasa tuje kwenye ile iliyoharibiwa.

Conficker, kirusi kilichoanza kusambaa Novemba 2008, kilizima apdeti za Windows na kuzuia kompyuta isifungue tovuti za kampuni za usalama. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu kilichopitia, tangu Oktoba 23 mwaka huo huo, lakini kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa ndizo zilizoliwa, na zikishaliwa haziwezi tena kukichukua. Kirusi kingine, DNSChanger, kilibadilisha anwani ambazo kompyuta inazitumia kuulizia tovuti zilipo, na wahusika wake walikamatwa Estonia Novemba 2011. Mbinu hizi ni za zamani na hazijazeeka. Ndiyo maana ukiona tovuti zote zinafunguka isipokuwa za watengeneza antivairasi, acha kulaumu intaneti.

Kuna sehemu mbili ninazozitazama kabla ya kitu kingine chochote. Ya kwanza ni faili liitwalo hosts, ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Lifungue kwa Notepad. Mistari inayoanza na alama ya # ni maelezo tu, haina neno. Usichotaka kukiona ni jina la tovuti ya kampuni ya usalama limewekwa ubavuni mwa 127.0.0.1, maana anwani hiyo ni ya kompyuta yenyewe. Kila ukiita kampuni, mashine inajiita yenyewe na kukuambia haipatikani.

Ya pili watu wengi hawajui hata kama ipo: orodha ya vitu vilivyosamehewa ukaguzi (Exclusions), ndani ya mipangilio ya Defender. Umepiga ukaguzi, umemalizika upesi kuliko kawaida, umeambiwa kompyuta ni safi. Fungua orodha hiyo. Ukikuta humo C:\ peke yake, diski nzima imesamehewa, na usafi ulioambiwa ni wa kitu kisichotazamwa. Kirusi chenye mamlaka ya msimamizi hakina haja ya kupigana na antivairasi. Kinajiandika tu kwenye orodha ya wasioguswa. Na mara nyingi mamlaka hayo kimepewa na mwenye kompyuta mwenyewe, siku alipopakua programu iliyokrakiwa, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli itumike bure, akakuta maelekezo yanayosema "zima antivairasi kwanza", naye akatii. Hapo huwa sina huruma sana. Mwizi anapokuomba umfungie mbwa kabla hajaingia, kitu gani kingine ulihitaji kuambiwa?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoamini ukaguzi wa tatu au wa nne utaleta jibu tofauti. Kuiuliza Windows iliyoambukizwa kama imeambukizwa ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Antivairasi inauliza mfumo uliopo "nipe mafaili yaliyomo", na mfumo huo ndio mtuhumiwa. Uliza ukiwa nje. Defender ina ukaguzi wake wa nje ya mtandao (offline scan), unaoizima Windows na kukagua kabla haijapata nafasi ya kuamka. Huchukua kama dakika 15. Kampuni kadhaa pia hutoa bure diski ya uokoaji, unayoiweka kwenye flashi ukitumia kompyuta nyingine iliyo safi, kisha unaiwasha mashine kupitia flashi hiyo. Kabla ya yote hayo, kata waifai. Kuiwasha Windows katika hali salama (Safe Mode) kunasaidia kiasi, ila bado ni Windows ile ile.

Kikipatikana kitu, kipeleke karantini, pale antivairasi inapofungia vitu vya kushukiwa, usikifute papo hapo. Antivairasi nazo hukosea: Aprili 21, 2010 apdeti ya McAfee iliona svchost.exe, faili la Windows yenyewe, kuwa kirusi, na kompyuta za Windows XP zikaanza kujizima na kujiwasha bila kikomo. Kilichomo karantini kinarudishwa.

Na kuna wakati wa kuacha kusafisha. Kama umesafisha, na baada ya kuwasha tena Defender imezimwa upya, au orodha ya waliosamehewa imejaa tena, piga Windows upya, yaani futa iliyopo na usakinishe mpya. Wapo mafundi wanaoliona hilo kama kushindwa. Mimi naona ni kuheshimu muda wako. Okoa nyaraka na picha, acha mafaili ya kusakinishia programu, maana huenda ndimo kilimotokea. Na kama ni Windows 10, kumbuka Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025, kwa hiyo usirudishe kitu kile kile kisichopata viraka.

Nywila zibadilishe kwenye kifaa kingine, si kwenye mashine yenye shaka. Kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zako, kwa sababu virusi vya siku hizi huiba vidakuzi (cookies) vya kivinjari, vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, na mwenye kidakuzi huingia bila kuulizwa nywila. Anza na barua pepe: nywila za akaunti nyingine nyingi huwekwa upya kupitia hapo.