Mwanza Ifungue Injini Zake Watoto Wazione

Jiji letu linakula kwa dizeli. Meli zinazokwenda Bukoba na Ukerewe, vivuko, malori yanayopakia dagaa Kirumba mwaloni, mashine za kusaga, majenereta yanayoanza kunguruma umeme ukikatika: kote huko ni injini ya aina moja. Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu mle ndani kuna nini. Atakukaririshia hatua nne za injini kama zilivyo kwenye daftari lake, lakini pistoni yenyewe hajawahi kuishika wala kuiona. Mimi naamini tunaweza kulimaliza hili hapa hapa Mwanza, na imani hiyo niliipata safarini Munich, kusini mwa Ujerumani, nilipoingia katika makumbusho ya sayansi na teknolojia, Deutsches Museum.

Makumbusho hayo yako kwenye kisiwa cha Mto Isar. Aliyeyaanzisha mwaka 1903 ni Oskar von Miller, mhandisi wa umeme ambaye mwaka 1891 alikuwa mmoja wa waliofanikisha kusafirisha umeme kutoka Lauffen hadi Frankfurt, kilomita 175. Jengo la kisiwani lilifunguliwa 1925. Miller hakutaka watu waje kutazama vitu vilivyofungiwa kabatini. Alitaka mgeni abonyeze kitufe, azungushe mpini, aone kinachotokea. Ndiyo maana humo utakuta mashine zimekatwa ubavu makusudi, ukimaliza kuizunguka moja unajua mafuta yanaingilia wapi na moshi unatokea wapi. Chini ya jengo walikuwa wamejenga hata njia za mgodi, mgeni anapita kwenye giza la mwamba na mbao za kuzuia paa. Niliwafikiria ndugu zetu wachimbaji wa Geita, ambao wake zao na watoto wao hawajui mtu akishuka shimoni anakutana na nini.

Lakini kilichonishika ni injini ya Rudolf Diesel ya mwaka 1897. Iliundwa Augsburg, si mbali na Munich. Ina silinda moja iliyosimama wima, ina gurudumu zito la kuipa mwendo, na kimo chake kinampita mtu mzima. Haina plagi ya kutoa cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto kali, halafu mafuta yakiingia yanawaka yenyewe. Basi, ni hivyo tu. Ilipopimwa mwaka huo iligeuza asilimia 26 hivi ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, wakati injini nyingi za mvuke za zama zile hazikufika nusu ya hapo. Diesel mwenyewe hakuishi kuona alichokianzisha kikienea duniani: mwaka 1913 alipotea usiku akiwa melini kuelekea Uingereza.

Mchukue fundi wa Nyakato, yule anayeshusha injini ya lori la Fuso chini ya mwembe, umsimamishe pale. Hatahitaji mkalimani. Atakuonyesha pistoni, valvu na krenki, na atagundua haraka kuliko mimi kwamba mafuta ya injini ile yalisukumwa ndani kwa hewa yenye shinikizo, si kwa pampu na nozeli kama leo. Ujuzi huo tunao mjini. Uko mikononi mwa watu wenye suruali zilizojaa grisi, na hakuna anayewapeleka wanafunzi wakawasikilize.

Tena tuna historia ya kuonyesha. MV Victoria iliundwa Scotland, ikafumuliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuunganishwa huko, ikaanza kazi 1961. Meli mpya ya MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200, imeundwa hapa hapa, Bandari ya Mwanza Kusini. Kati ya meli hizo mbili kuna somo zima la uhandisi, na watoto wa Butimba na Mkuyuni wanapita karibu nalo kila siku. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita tatu, lilifunguliwa. Kivuko tulichokipanga foleni miaka yote kikabaki hadithi ya kuwasimulia watoto.

Ukienda nyuma zaidi ni mambo makubwa. Kemondo, karibu na Bukoba, wanaakiolojia walichimbua tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tanuri ya namna hiyo kwa kumbukumbu zao, wakavukuta, chuma kikatoka. Mirija ya udongo iliingia hadi ndani ya tanuri, kwa hiyo hewa ya mivukuto ilishapata joto kabla haijaufikia moto. Nani alimfundisha hilo mwanafunzi wetu wa fizikia? Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora yanawaenzi wahunzi wetu, na ninayaheshimu sana kwa hilo. Hapo ndipo pa kuanzia, kisha tuendelee hadi kwenye meli.

Tukipata mahali petu pa kuonyesha hayo yote, kitu kimoja ningekitaka kuliko vyote. Ni tangi la maji lenye kivuko kidogo cha bati na mawe ya uzito, mtoto apakie mwenyewe. Apange mizigo chini, aone kinavyotulia. Aipandishe juu, kisha aisogeze yote upande mmoja, aone kinavyopinduka. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza, mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka kikikaribia Ukara, na waliokufa walizidi 200. Tunajenga minara ya kumbukumbu, na ni haki yao marehemu. Lakini abiria anayeelewa kwa nini chombo kinapinduka atakataa kupanda kilichofurika, na atawazuia wenzake wasikimbilie upande mmoja wakati wa kutia nanga. Elimu hiyo inafaa itolewe karibu na gati, ambako watu wanasubiri kwa saa nyingi bila la kufanya.

Najua nitaulizwa pesa iko wapi. Sisemi tujenge jengo kama la Munich. Injini kuukuu ikitolewa kwenye chombo, kwa kawaida huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ibaki moja. Wanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA waikate ubavu kwa usimamizi wa fundi mkuu, wapake kila njia rangi yake, nyekundu kwa mafuta, buluu kwa maji ya kupoza, na waweke mpini wa kuizungusha kwa mkono. Banda la mabati linatosha. Mafundi wa meli waliostaafu wapo mitaani, na wengi wao wangefurahi kuja Jumamosi kuwaeleza watoto, wakilipwa posho ya heshima. Halmashauri, bandari na wenye vivuko wakikaa meza moja, hili ni jambo la kuamua ndani ya kikao kimoja, kabla injini inayofuata haijapandishwa kwenye lori la chuma chakavu.