Majani mekundu ya Kisongo

Mwezi wa saba, ukitoka Arusha kwenda Monduli, kuna majani pale Kisongo yanakuwa yamegeuka rangi ya kutu. Juzi nilimwomba dereva asimame nikachume mashina mawili matatu. Konda akaniuliza, "Kaka, ng'ombe umemwacha wapi?" Abiria wakacheka, nami nikacheka.

Nyumbani nikayapiga picha, programu ya simu ikaniambia ni ngano. Ngano! Mimi naona kutambua majani kwa picha ya jani peke yake ni kubahatisha, maana majani yote marefu na membamba yanafanana. Tazama suke. Tazama na mahali lilipoota.

Jani hili, suke lake limeinama, limegawanyika mafungu madogo ya pembetatu, kila fungu limefunikwa na jani dogo jekundu. Miaka mingi nililichanganya na lile linalotuchoma soksi. Lakini lile suke lake ni moja, limesimama, na mikia ya mbegu zake imesokotana kileleni kama nywele zilizosukwa vibaya. Ukishaona tofauti hiyo mara moja, hukosei tena.

Kitaalamu linaitwa Themeda triandra. Jina lilichapishwa mwaka 1775 katika kazi ya mtaalamu wa mimea Peter Forsskål, aliyekuwa amefia Yemeni miaka 12 kabla. Hiyo "Themeda" ameitoa kwenye Kiarabu. Australia nako lipo, jani lile lile, wao wanaliita la kangaruu. Sisi tunaoishi nalo tunaliita majani, basi.

Nikachukua mbegu moja yenye mkia mrefu mweusi, nikaiweka kiganjani, nikailowesha mate kidogo. Mkia ukaanza kuzunguka polepole, kama mshale wa saa. Mvua ikinyesha unajisokotoa, jua likiwaka unajisokota tena, na mbegu inajichimbia ardhini yenyewe, bila jembe.

Halifi kila mwaka. Likiungua moto, shina la chini linachipua upya. Kinacholimaliza ni kuliwa mfululizo bila kupumzishwa, ndiyo maana wafugaji wakiliona limejaa wanajua malisho bado yana afya. Nilikochuma lilinifika kiunoni. Nikavuka barabara, upande unaochungwa mbuzi kila siku, nikazunguka robo saa nzima. Ukoka mtupu.